Risasi Nilizomaliza Kwenye Matete

Mwanangu alipotoka hospitali bila mguu wa kulia, kuanzia chini ya goti, tulimwekea kitanda katika chumba cha mbele, kile chenye dirisha linalotazama shamba la mpunga. Sisi tunaishi ng'ambo ya mto, na kufika Ifakara ni lazima tuvuke pale Kivukoni. Zamani tulivuka kwa pantoni, na mafuriko yakizidi tulibaki upande huu mpaka Mungu apende. Siku hizi kuna daraja, mtu anavuka huku anakula karanga. Nasema haya mapema kwa sababu daraja hilo ndilo lililokuwa shida yetu yote mwaka huo.

Kiboko alipindua mtumbwi wa mwanangu akiwa anavua, akamng'ata mguu. Wavuvi wenzake walimtoa majini na kumfikisha hospitali akiwa hajitambui, na madaktari walifanya walichoweza. Nawashukuru wote mpaka leo. Kidonda kilipona vizuri. Mtaalamu wa mazoezi alituambia kwamba mafundi wa miguu ya bandia wangekuja Ifakara baada ya Pasaka, wangekaa wiki moja kupima watu, kisha wangeondoka. Akasema tena, na hili alilisema akinitazama mimi, kwamba goti lisipotumika litakakamaa, na likishakakamaa mguu wa bandia hautakaa.

"Asikose," alisema.

Mwanangu alisikia kama nilivyosikia. Lakini tangu aliporudishwa nyumbani hakutaka kuuona mto. Masika yalipoanza na maji yakasimama kwenye majaruba mbele ya dirisha letu, aliniomba nigeuze kitanda. Nikakigeuza, akawa anatazama ukuta. Nilipotaja habari ya mafundi alisema, "Tutaona, Baba," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona.

Nilikuwa katekista kwa miaka mingi. Nimewafundisha watu wazima na watoto, nimezika, nimekaa na wagonjwa. Nilidhani ningejua la kumwambia mtoto wangu mwenyewe. Mzee mwenzangu wa jumuiya alikuja akamsomea habari za Petro alivyotembea juu ya maji. Mwanangu alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akageukia ukuta. Nilipomsindikiza mwenzangu mpaka barabarani nilimwomba siku nyingine achague somo la nchi kavu.

Mama wa watoto wangu alikwisha kutangulia, hivyo nyumbani tulikuwa wawili. Binti yangu, mdogo wake huyu mgonjwa, anafanya kazi kwenye duka la steshenari Ifakara. Yeye ndiye aliyeleta kompyuta. Ilikuwa imetumika, kona moja imepasuka, na ndani yake alikuwa ameweka gemu.

"La mpira?" nilimuuliza.

"La kutisha, Baba. La mpira atakumbuka mguu."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Nikamwacha aiweke juu ya meza.

Kwanza nilikaa pale kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukaa na mwanangu. Mchana nikitoka shamba nilikuwa naoga, nachukua kiti, nakaa kando ya kitanda. Yeye anacheza, mimi natazama. Nitaeleza nilichoona kwa watu wa rika langu ambao hawajaona kitu cha namna hiyo.

Ni nchi iliyoachwa. Kulitokea balaa fulani zamani, ardhi ikaingia sumu, watu wakakimbia. Kuna nyumba zenye vyombo bado mezani, kuna shule isiyo na mtoto hata mmoja, kuna matrekta yaliyootewa na majani. Mchezaji anakuwa mtu mmoja anayetembea humo peke yake. Huoni uso wake, unaona mikono yake tu imeshika bunduki. Anaweza kwenda upande wowote anaotaka, hakuna anayemwambia pita hapa. Lakini anasikia njaa, anachoka, anatoka damu, na bunduki ikinyeshewa sana inakwama. Anabeba kidude kinacholia kikisogea karibu na sumu. Kuna watu wengine humo, wengi wao wabaya, na kuna wanyama walioharibiwa na ile sumu wakawa vitu visivyo na jina. Kilichonishangaza mimi ni mvua. Inakuja kutoka mbali, unaiona inavyoyageuza majani kabla haijakufikia, sawasawa kabisa na inavyokuja kwetu kutoka milimani. Aliyeitengeneza mvua ile amewahi kusimama shambani.

Mama mmoja jirani, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alileta uji siku moja akakuta sauti za kutisha zinatoka chumbani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Mzee, humo ndani kuna nini? Huko barabarani wanasema kwako kuna mashetani kwenye kompyuta."

"Wapo," nilimwambia. "Wawili tumewaua leo, wa tatu amekimbilia shuleni."

Alinitazama ajue kama natania. Kisha akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, na akatazama mpaka uji ukapoa. Alipoondoka alisema, "Huyo mtu wenu angevaa koti, anaumwa na baridi." Hatukusikia tena habari za mashetani.

Sasa mwanangu alikuwa na jambo katika lile gemu. Mtu wake alitakiwa kufika kwenye stesheni ya reli iliyoachwa, na stesheni ilikuwa ng'ambo ya kinamasi kikubwa chenye matete. Ukisimama kando ya matete unaliona paa lake. Lakini mwanangu hakuwa akipita hapo. Alikuwa akizunguka kwa juu, kwenye vilima, njia ndefu sana, ambako watu wenye silaha wamefunga barabara kwa magogo. Kila alipojaribu kuwapita waliua mtu wake, anaanza tena. Akawa anaweka akiba ya risasi. Anapekua nyumba, anapata mbili, anapata tatu, anazitunza. Mchana mzima aliweza kutembea bila kufyatua hata moja. Nilimwuliza mbona asikatishe kwenye matete.

"Hapapitiki."

Sikubisha. Mimi ni nani hata nibishe. Lakini Jumapili iliyofuata binti yangu alikuja kututembelea, akasimama nyuma yake akila muwa.

"Kaka, unazunguka nini huko? Si upite kwenye maji. Yanaishia kiunoni, kila mtu anapita hapo."

Mwanangu aliifunga kompyuta, taratibu, akasema amechoka. Binti yangu alinitazama, nami nikamtazama, na muwa ukaacha kutafunwa. Ndipo nilipoelewa. Hata kule, kwenye maji ya picha, hakuwa tayari kutia mguu.

Kwaresima ilikuwa imefika katikati. Nilimwombea kila siku asubuhi, na sikuomba makubwa, niliomba avuke siku moja tu ili apimwe.

Mchana mmoja aliinuka kwenda chooni. Choo chetu kiko nyuma, na kwa magongo kwenye matope ilikuwa safari. Mtu wake alikuwa amesimama kando ya matete, anaelekea vilimani.

"Nishikie hapa, Baba. Usiguse kitu."

Nikakaa mbele ya ile kompyuta. Kule ndani jua lilikuwa linazama. Mara nikasikia kitu kinakoroma ndani ya matete, kisha kingine upande wa kushoto. Matete yakatikisika.

Nimelinda mpunga tangu nikiwa kijana. Nimelala kwenye dungu, kile kichanja cha mlinzi shambani, misimu isiyohesabika, na kila mtu wa bonde hili anajua kazi ya dungu ni nini. Ukisikia kitu kwenye matete hunyamazi. Nguruwe, kiboko, tembo, wote ni vile vile: unagonga debe, unapiga makelele, unamwambia mnyama kwamba hapa kuna mtu, apite kwingine. Na aliye na gobore analipiga hewani. Anayenyamaza ndiye anayekanyagwa. Sikufikiri hata kidogo. Nilijua kitufe cha kufyatulia ni kile cha kushoto kwenye kipanya, maana nilikuwa nimekitazama majuma mengi. Nikaielekeza bunduki juu nikabonyeza. Ikapiga vizuri. Nikabonyeza tena. Matete yakazidi kutikisika, na mimi nikazidi kubonyeza, na mdomoni nadhani nilikuwa napiga zile kelele za kufukuzia nguruwe, kwa sababu jirani aliniuliza baadaye kulikuwa na nini.

Mwanangu alirudi kwa magongo haraka kuliko nilivyowahi kumwona akienda. Alijitupa kitandani, akaninyang'anya kipanya. Vile viumbe vilikuwa vinatoka kila upande. Alikimbia na yule mtu wake, akaumwa, akakimbia, akaingia kwenye kibanda cha mabati akafunga mlango. Gemu lenyewe, ukiingia kwenye kibanda kile, linajihifadhi papo hapo, na yaliyopita yamepita.

Tukasikiliza mikwaruzo kwenye mabati.

"Umepiga risasi ngapi?"

"Mpaka zilipokataa."

"Ulikuwa unampiga nani?"

"Sikuwa nampiga mtu. Nilikuwa nafukuza."

Alinigeukia. "Baba, hawa hawafukuzwi. Ukipiga kelele ndiyo unawaita waje."

"Basi ni wanyama wasio na malezi."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na mimi nikacheka kwa kuwa yeye anacheka. Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo tangu ajali. "Mzee mzima," alisema, "umemaliza risasi za miezi kwa kufukuza ngedere."

Kisha kicheko kikaisha, nikamwona anatazama pembeni ya kioo cha kompyuta, mahali panapoonyesha risasi zilizobaki. Palikuwa na sifuri. Kule vilimani bila risasi hapapitiki. Kurudi nyuma pia hakukuwezekana, maana gemu lilikwisha kujihifadhi. Njia iliyobaki ilikuwa moja, ya majini, na sote wawili tuliiona kwenye kioo, mle kwenye ufa wa mlango wa mabati, inang'aa.

"Anza upya," nilimwambia.

"Kuanza upya ni kurudia yote."

Akaifunga kompyuta. Hakuifungua siku iliyofuata, wala ile ya baada yake. Alilala akitazama ukuta, na mara hii hata nilipoleta kiti hakukuwa na cha kutazama pamoja. Nilijiona nimemnyang'anya kitu pekee alichokuwa akikifanya. Binti yangu alipiga simu kusema amemwandikisha kwa mafundi, na kaka yake akamjibu lile lile, "Tutaona."

Ilikuwa Jumatano ya Juma Kuu aliponiita. Nilikuwa nachambua maharage.

"Baba, njoo ukae. Mikono uiweke magotini."

Nikaja, nikaiweka magotini. Akafungua mlango wa kile kibanda, akateremka mpaka kwenye ukingo. Alisimama hapo muda mrefu. Mvua ya kule ilikuwa inanyesha. Kisha akamwingiza yule mtu majini.

Maji yalifika magotini, yakafika mapajani. Matete yalifunga pande zote, ukawa huoni paa wala vilima. Ilisikika pumzi ya yule mtu, na pumzi ya mwanangu juu yake. Katikati hasa, akasimama. Vidole viko kwenye vitufe lakini havibonyezi.

Nikamwuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza, maana sote tulikuwa tunamwonea huruma.

"Ulimwona kiboko?"

Hakuondoa macho kwenye kioo. "Sikumwona. Niliona maji yanainuka."

"Ulikuwa wapi?"

"Pale wanapopandia. Najua kabisa kwamba ni njia yao. Sikugonga mtumbwi, Baba."

Wavuvi wetu, wakipita mahali pa viboko, hugonga ubavu wa mtumbwi kwa pondo, ule mti wa kusukumia, ko, ko, ko, ili mnyama asishtuke. Kila mtoto wa mtoni anajua.

"Kambale walikuwa wengi," alisema. "Nikaona nikigonga watatawanyika. Nikasema nipite kimya kimya, mara moja tu." Akanitazama. "Ungekuwa wewe, ungegonga."

"Ningegonga."

"Ndiyo."

Ndilo alilokuwa amelibeba muda wote huo. Mimi nilidhani anamwogopa kiboko. Nilitafuta neno la faraja katika yote niliyofundisha, na yapo mengi, lakini lililonijia ni hili: "Mimi nimegonga juzi, tukaliwa hivyo hivyo." Alitoa pumzi puani, nusu ya kicheko. Kisha akabonyeza kitufe, na yule mtu akapiga hatua.

Tuliuawa karibu na mwisho. Kitu kilipita chini ya maji kikamvuta. Mwanangu alishtuka akakirusha kipanya, nikakiokota. Akajaribu tena kutoka kibandani, tukafa tena. Siku ya tatu akavuka. Kwenye ile stesheni tuliyoihangaikia kulikuwa na kopo moja la nyama na godoro. Nilivunjika moyo kidogo, lakini yeye alimlaza yule mtu kwenye godoro kama aliyefikisha mzigo.

Sikusema lolote kuhusu mafundi. Nilijizuia, na kwa mtu aliyezoea kufundisha hiyo ni kazi. Tulisherehekea Pasaka, jirani akatuletea pilau. Jumanne binti yangu alifika na bajaji kutoka Ifakara, bila kuuliza, akasimama mlangoni.

"Kaka, bajaji inasubiri. Kama huji, mimi na Baba tutakwenda kutembea, maana nimeshailipa."

Mwanangu akaomba shati.

Mto ulikuwa umejaa kama unavyojaa baada ya Pasaka, maji yametanda pande zote mpaka macho yanaishia. Tulikaa watatu nyuma, yeye katikati. Tulipopanda darajani alitazama mgongo wa dereva. Nikahesabu moyoni kwamba ni dakika chache tu, tutakuwa tumemaliza. Lakini tulipofika katikati tukakuta ng'ombe. Kundi kubwa, wanakuja kutoka upande wa Ifakara, wamejaa upana wote wa daraja, na wafugaji wawili wa Kisukuma nyuma yao. Dereva akasimama, akaanza kupiga honi.

"Usipige," mwanangu alisema. "Watashtuka, wataruka pembeni."

Dereva akaacha. Ng'ombe walitupita wakisugua ubavu wa bajaji, pembe zikigonga turubai. Chini yetu maji yalikuwa yanasikika. Mwanangu alishika chuma cha mbele kwa mikono miwili, jasho linamtoka shingoni.

"Baba, niongeleshe."

"Nikuongeleshe nini?"

"Chochote."

Katekista mzima, nikamweleza kwamba paa la kigango linavuja upande wa wanakwaya, na kwamba sauti ya pili wamehamia kwa sauti ya nne, na sasa hakuna anayejua anaimba nini. Binti yangu akaongeza kwamba hata lilipokuwa halivuji hawakujua. Mwanangu alitikisa kichwa. Mfugaji wa mwisho alipofika kwetu aliinamisha kichwa.

"Shikamoo mzee. Mtusamehe kwa kuwachelewesha."

"Marahaba, mwanangu. Piteni salama."

Njia ikawa wazi. Tulipofika ng'ambo mwanangu aliomba tusimame, akatoa kichwa nje, akatapika kando ya barabara. Dada yake alimpa maji. Dereva, ambaye hakujua habari yoyote, alimwuliza kama alikula kitu kibaya. "Pilau la jirani," alisema, nami nikamwomba Mungu amsamehe jirani yetu kwa kusingiziwa.

Huko Ifakara fundi alimlaza, akakamata goti, akalinyoosha. Liliuma, lakini lilinyooka. Alituambia lingekaa hivyo mwezi mmoja zaidi asingelipima. Akampaka lile tope jeupe la kuchukulia umbo la mguu, na mwanangu akatazama likikauka.

"Mguu ukishaletwa, utakuwa unakuja kila wiki kwa mtaalamu wa mazoezi," fundi alisema.

"Kila wiki? Kuvuka kila wiki?"

"Mpaka uzoee kutembea."

Nilimtazama. Alikuwa anasugua tope lililomrukia kwenye kidole. Mwishowe alimwuliza dada yake kama yule dereva wa bajaji anapatikana siku za Alhamisi.

Sasa anao mguu. Anaondoka Alhamisi asubuhi, peke yake, mimi nakwenda shambani. Sikuwahi kumwuliza kama hofu imekwisha. Alhamisi moja alirudi kutoka njiani kabla ya kufika darajani, akasema maji ni mengi mno, nikamwekea chakula, tukala. Wiki iliyofuata alikwenda. Akishafika upande wa pili hunipigia simu na kusema, "Nimevuka," nami namwambia, "Haya," namshukuru Mungu nikiwa nimesimama hapo hapo kwenye tope, kisha naendelea kupalilia.